Skrubu ya Tatu ya Bunduki ya Bujiku

Zuena binti Isihaka wa Uyole alikuwa na ugomvi wa kudumu na bisibisi za watu wengine. Ukimpelekea cherehani uliyokwisha kuichokonoa mwenyewe, atakuuliza kwanza umeichokonoa na nini, na ukisema kisu, basi utasemwa mpaka utamani urudi nyumbani ukashone kwa mkono. Watu walimvumilia. Kutoka Uyole mpaka Mbeya mjini hakuna aliyemshinda kufungua kitu kilichogoma bila kukivunja.

Ufundi huo alifundishwa na mumewe, Selemani, walipokuwa wakiishi Mlandege kule Iringa. Wanaume wengi wa enzi zile hawakutaka mke aguse hata sanduku la vifaa. Selemani alimketisha kando yake, akampa cherehani mbovu na kumwambia aifungue mpaka imalizike, kisha airudishe. Barabara ya lami ilipofika wakahamia Uyole, wakapata kibanda karibu na soko. Mwaka wa tatu Selemani akafariki kwa homa ya mapafu. Zuena akakaa eda, akatoka, akafungua kibanda na kuendelea na kazi. Wenye maneno walisema wakachoka.

Sasa, Julai ya mwaka sabini na saba, baridi ikiwa ile ya kukaza vidole, wanaume wawili walipiga hodi kibandani asubuhi. Mmoja alikuwa Sajini Isakwisa wa polisi, mtu wa Rungwe, daftari kubwa kwapani. Wa pili alikuwa Bujiku, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bonde la Usangu na ng'ombe wake miaka mitano nyuma. Alibeba bunduki iliyoviringishwa kwenye shuka.

"Tumeelekezwa kwa fundi Selemani," Bujiku alisema.

"Selemani ni marehemu, baba. Niliyebaki ni mimi. Karibuni."

Bujiku akamtazama sajini. Sajini akavuta kigoda akaketi, kwa hiyo naye akaketi.

Isakwisa ndiye aliyeeleza. Mwaka ule amri ilikuwa mpya: bunduki zote za raia zihakikiwe, na namba isomwe kwenye chuma chenyewe, si kwenye karatasi. Bunduki ya Bujiku ilikuwa na kibali halali. Aliinunua kwa mlowezi mmoja wa Iringa, mkulima wa tumbaku, aliyeuza shamba na kurudi kwao. Mlowezi huyo alikuwa ameifunga darubini juu yake, na kitako cha darubini kilikuwa kimekalia namba. Kitako kilishikwa na skrubu tatu. Mbili zilitoka. Ya tatu ilikataa, na fundi baiskeli mmoja wa mjini alikuwa ameikazania mpaka mkato wake wa kuingizia bisibisi ukaliwa.

"Gari langu linaondoka saa kumi," Isakwisa alisema. "Nikiwa nimeisoma namba, mzee anarudi nayo kwake. Nisipoisoma, inakwenda ghalani kusubiri barua kutoka Dar es Salaam. Sina hila naye, mama. Ndiyo amri."

"Hiyo barua itachukua muda gani?"

"Ya mwenzake mmoja tunaingoja miezi saba sasa."

Bujiku akasema taratibu, akitazama mikono yake, kwamba mwezi uliopita simba walichukua ndama watatu, na mdogo wake Shija alipotoka na rungu, walimchana bega mpaka mfupa ukaonekana. Usiku ule bunduki ilimwokoa. "Nikirudi mikono mitupu, mama, mimi sina la kuwaambia kule. Ng'ombe watakwisha, na safari hii labda na mtu."

Zuena alimwomba sajini ahakikishe bunduki haina risasi, akaibana kwenye jiliwa la mezani juu ya kipande cha ngozi ili isichubuke, akainama kuitazama skrubu. Hapo ndipo maneno yakamtoka.

"Mtu ana macho mawili, anachukua bisibisi ya kufungulia tangi anaiingiza kwenye tundu la sindano. Hii ncha yenye umbo la kabari hata ukiisukuma vipi, inapanda juu na kula kingo. Halafu mtu anajiita fundi!"

"Si mimi, mama," Bujiku alisema.

"Najua si wewe. Kaa."

Alichukua msumeno wake mwembamba kuliko yote, akauzamisha mkato upya, polepole, akipuliza vumbi la chuma. Kisha akachagua bisibisi na kuinoa kwa tupa, anapima, ananoa, anapima, mpaka ncha ikakaa ndani ya mkato bila kucheza. Kazi hiyo peke yake ilikula zaidi ya saa nzima. Akadondosha mafuta ya cherehani, akasubiri, akaigonga bisibisi kwa nyundo ndogo ili kutu iachie, akakaza mkono na kuzungusha.

Wapi! Akarudia mafuta. Akarudia kugonga. Kwenye jaribio la nne ncha ikateleza, na alipotazama akaona ukingo mmoja umeanza kuinama. Jasho lilimtoka na baridi yote ile. Mtelezo mmoja mwingine na kichwa cha skrubu kitakuwa hakina pa kushikwa.

"Baba," alisema, "humu umetia nini?"

"Hakuna kitu, mama."

Isakwisa akaangalia saa yake. Ilikuwa inakaribia saa nane.

Zuena akafuta mafuta yote kwa kitambaa, akasogeza jiko la mkaa na kutia motoni chuma chake cha kulehemu, chenye kichwa cha shaba, anachozibia vibatari. Kilipopata moto akakiegemeza juu ya skrubu, mbali na vioo vya darubini. Ukapanda moshi mwembamba, na kibanda kizima kikanukia. Isakwisa akainua pua. Zuena akamgeukia Bujiku, na Bujiku akatazama mlango.

"Baba Bujiku. Hii ni samli."

Mzee akaona hana pa kutokea. Akasema kwamba kwa baba yake, kitu kinacholinda ng'ombe hula cha ng'ombe. Mkuki wa baba yake ulipakwa samli kila masika yakiisha, na mkuki ule haukuwahi kushika kutu. Basi naye bunduki aliipaka, miaka mitano, juu na kwenye kila tundu, kisha anaitundika pale moshi wa moto wa zizini unapopita. Alipoulizwa alikana kwa sababu afande alikuwepo, akaogopa ataambiwa ameharibu silaha.

Isakwisa alijitahidi kubaki na uso wa kazi akashindwa. Zuena alicheka mpaka akashika meza.

"Nahangaika na kutu saa nzima, kumbe kilichokosekana ni ugali! Ungesema mapema, baba, tungekwisha kunywa chai. Samli ya miaka mitano na moshi juu yake ni gundi. Gundi ya namna hiyo haitaki nguvu, inataka joto."

Akakitia chuma motoni tena. Akakiegemeza, akahesabu kimya, akakirudisha. Mara ya tatu kitu cha rangi ya kahawia kikachemka na kutokeza pembeni mwa skrubu. Akaweka bisibisi, akaikandamiza kwa uzito wa bega, na akaisikia ikiachia, kidogo sana. Hakuwa na pupa. Robo mbele, akarudisha nyuma, robo mbele tena, mpaka skrubu ikamtokea mkononi ikiwa ya moto.

Kitako kikanyanyuka na darubini yake. Chini kulikuwa na utando mweusi. Zuena akaufuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha akampisha sajini.

Isakwisa akafungua daftari na kuinama. "Nne," alisoma. "Saba."

"Moja, sifuri, sita," Bujiku akamalizia. Hakujua kusoma, lakini namba ya kibali chake alikuwa ameishika kichwani tangu siku aliyopewa.

Sajini akatazama chuma, akatazama daftari. "Ndiyo hiyo. Moja, sifuri, sita. Chukua bunduki yako, mzee. Nenda nyumbani."

Bujiku akafunika uso kwa shuka na kulia, wala hakuona haya. Zuena akageuka kupanga vifaa ambavyo vilikuwa vimekwisha pangwa.

"Bado mstari mmoja," Isakwisa alisema. "Jina la fundi aliyefungua."

"Andika Selemani," Zuena alijibu kwa mazoea. Ndilo jina alilolitaja miaka yote.

Bujiku akashusha shuka. "Afande, Selemani, Mungu amlaze pema, leo hakuwepo. Kule Usangu watoto wangu watalala kwa sababu ya mikono ya huyu mama. Andika yeye."

Isakwisa akangoja, kalamu juu.

"Zuena binti Isihaka," alijitaja.

Sajini akaandika, akamgeuzia daftari atie sahihi. Bujiku akainamisha kichwa, mikono miwili kifuani. "Asante sana, fundi."

Zuena aliinamia daftari. Alifuta vidole kwenye kanga, akavifuta tena, akatia sahihi yake.