Mpiga Roki wa Ijuganyondo

Wasomaji wangu, wiki iliyopita, kijijini Ijumbi, katika kibanja cha baba yake, tulimzika mtu ambaye wengi wenu hamkumfahamu hata kwa jina, na jina hilo nitaliacha lipumzike naye. Figo zilimshinda. Alikuwa mchomeleaji wa mageti pale Ijuganyondo, na kila Jumapili baada ya misa alisogeza vyuma pembeni, akawaita mpiga besi na mpiga dramu, naye akashika gitaa la umeme, wakapiga roki nzito mpaka mabati ya karakana yakatetemeka. Hawakuwa na meneja wala mfadhili. Nyimbo walitunga wenyewe, nyingine kwa Kihaya, na walizirekodi wenyewe. Majirani waliuita muziki wa mashetani. Mimi nilikwenda kuulizia geti langu lililochelewa, nikaketi juu ya ndoo ya rangi kusubiri, na tangu siku hiyo nikawa mmoja wa wasikilizaji wao wachache.

Nakumbuka harusi moja ya kijijini Buganguzi. Bendi iliyokodiwa haikutokea, wakaitwa wao. Kabla wimbo wa kwanza haujaisha, nusu ya wageni walikuwa wamehamia migombani na sahani zao. Baba wa bibi harusi alimfuata marehemu, akamwambia kwa upole, kwa neno la heshima la Kihaya, "Waitu, tunaomba mtuache tule kwanza." Marehemu akazima spika, akainama kama mbele ya baba yake mzazi. "Sawa, tata. Mkishashiba tutaendelea." Na kweli waliendelea. Wazee walikaa mbali, lakini vijana waliobaki waliruka mpaka viatu vikawatoka.

Baadaye mwenye studio mmoja wa Mwanza aliwasikia, akaipenda sauti ya marehemu. Sharti lake lilikuwa kwamba gitaa lipunguzwe na nyimbo ziwe laini, za kuchezeka. Mpiga dramu, rafiki yake tangu shule ya msingi, alitaka wakubali. Nilikuwepo karakana siku walipobishana.

"Tukubali tu. Tukishajulikana tutarudi kwenye yetu," alisema mpiga dramu.

"Hatutarudi. Umemwona nani aliyerudi?"

"Wewe una karakana. Mimi nina nini?"

Marehemu akageukia vyuma vyake. Mwenzake alifungua dramu zake, akazipakia kwenye gari la mizigo, akarudi kwao Buganguzi kulima kahawa. Bendi ikafa hapo, na kwa miaka hawakusemeshana. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi, na bado sijui nani alikuwa sahihi.

Mwaka huu, marehemu alipokuwa tayari anasafishwa damu, mkewe alimpigia simu mpiga dramu, kisha akanipigia na mimi. Jamaa alikuja mchana, na dramu moja tu mkononi. Marehemu alikuwa amevimba miguu, ameketi kitini, gitaa mapajani. Hawakuombana radhi.

"Tuanze na ipi?" aliuliza mgeni.

"Ile uliyokuwa unaiharibu."

Mke wa marehemu akacheka, mara ya kwanza mimi kumsikia akicheka tangu ugonjwa uanze. Walipiga taratibu kuliko zamani. Katikati ya wimbo vidole vya marehemu vikagoma. Mwenzake hakusimama wala hakumtazama. Aliendelea kupiga dramu polepole, akimsubiri, mpaka vidole vikarudi na wimbo ukaisha. "Leo imetosha," marehemu akasema. Hakushika gitaa tena.

Kwenye mazishi, walewale waliolalamikia makelele walisimama mmoja baada ya mwingine kumwita msanii wetu, fahari yetu. Nilisikiliza nikachoka. Siku hizi sherehe zetu zote, kuanzia mjini kwetu hadi Muleba, zinapigiwa nyimbo zilezile kutoka kompyuta ileile, na anayeleta kitu chake tunamvumilia kwa shida mpaka afe, ndipo tunampenda. Sisemi kila mtu apende roki. Hata mimi masikio yaliniuma. Nasema tumezoea kusifu wasiosikia tena.

Mpiga dramu hakuhutubia. Alisaidia kufukia kaburi, akanawa mikono, akaondoka kuwahi gari. Kwa hiyo nasema mimi, kwa niaba yake: kama kuna mtu mliyegombana naye kwa sababu ya kazi mliyoipenda wote wawili, mtafute angali na nguvu ya kuifanya. Hawa wawili walichelewa, wakaambulia wimbo mmoja.