Pafu Lililopakwa Chumvi

Siku za matanga ya mume wangu watu walisimulia upole wake. Mimi nilikumbuka Usangu, miaka ya sabini, tulikohamia na mifugo yetu kutoka kaskazini bila kukaribishwa na mtu.

Kiangazi kimoja mbuzi wa jirani yetu, mwenyeji wa pale, walianza kukohoa na kufa. Akaja hadi uani kwetu.

"Nyinyi wa kuja mmemwaga dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye maji yangu."

"Na wetu wanaokufa?" mume wangu aliuliza.

"Hao mmewatoa kafara ili tusiwashuku nyinyi."

Kikao cha kijiji kikasema bwana mifugo apime. Isipoonekana kuwa ni ugonjwa, tuhame.

Bwana mifugo alidhani ni homa ya mapafu. Ila alitaka pafu bichi lipelekwe maabara Iringa, wajaribu kuotesha vijidudu vyake. Mume wangu akamchinja mbuzi aliyekuwa anahema kwa shida. Pafu moja lilikuwa zima. La pili lilikuwa gumu kama ini, limeshikana na mbavu, na kifuani mmejaa maji ya njano. Mume wangu akafurahi kwamba ugonjwa umeonekana, akaniachia nilifunge, akaenda kuazima baiskeli ya kulifikisha barabarani.

Safari ilikuwa ya siku mbili, na jua lile. Kwetu nyama ya safari hupakwa chumvi. Nililipaka pande zote, nikasugua hadi ndani.

Wiki kadhaa baadaye bwana mifugo alirudi kikaoni amekasirika.

"Hakuna kilichoota. Mzee, nilikuomba pafu, umeniletea kitoweo? Chumvi yote hii kaweka nani?"

Nilikuwa nimekaa na wanawake. Nikaanza kuinuka.

"Ni mimi," mume wangu alisema. Hakuwahi kugusa chumvi ya jikoni maishani mwake.

Jirani akaruka. "Si mnaona? Ameiua sumu kwa chumvi!"

Bwana mifugo aliwaambia chumvi haifichi sumu, bali huua vijidudu. Walimzomea. Tukapewa siku tatu.

Tuliondoka na mbuzi waliobaki, wanakohoa, na tuliwanywesha kwenye visima vya watu tusiowaonya.

Njiani nilimuuliza kwa nini alidanganya.

"Wewe ungelia mbele yao," alisema kwa hasira.

Kisha akatangulia na mbuzi.