Mlimau wa Wema Usiotaka Kupona

Mume wangu anajua kupapasa majani kuliko anavyojua kunipapasa mimi, na sioni sababu ya kuficha jambo ambalo kijiji chetu chote cha Kizuka kinalijua. Jina lake Fabiano. Watu wanamwita muganga wa miti, na wanaomwita wengi ni wanawake, maana huku kwetu mti wa uani ni wa mwanamke: mlimau wa chai, mpera wa watoto, maua ya ua. Mwanamume wa Kizuka akiona jani limejikunja anasema ni jua, anaendelea na safari yake.

Ufundi wake aliupata Tanzania, ukimbizini tulikozaliwa wote wawili, kwenye bustani ya miche ya misheni. Wengine tulirudi Burundi na magodoro na masufuria. Yeye alirudi na kisu kidogo cha kukatia matawi, na mpaka leo kisu hicho kinaoshwa kuliko sahani zangu. Akitoka mti mmoja hagusi mwingine kabla hajakitia kwenye maji ya moto, asije akahamisha ugonjwa. Mimi akiniletea mafua kutoka mjini hata pole hasemi.

Ukitaka kumjua Fabiano, mtazame anapofika mbele ya mti mgonjwa. Haugusi kwanza. Anauzunguka polepole, mikono nyuma. Kisha anashika jani moja, analigeuza na kutazama upande wa chini, kwa sababu anasema upande wa juu ni wa wageni. Anakwaruza gome kwa ukucha aone kama ndani bado kuna ubichi. Anachuchumaa penye shina kutafuta sisimizi. Halafu anauliza, kwa sauti ambayo mimi niliisikia mara ya mwisho kabla ya ndoa, "Unaumwa wapi?" Anauuliza mti. Mwenye mti anabaki amesimama pale na kitenge chake, anatamani kujibu yeye.

Mmoja wa hao ni Wema, mjane wa Kiislamu wa Rumonge mjini. Watoto wake wamehamia Bujumbura, na nyuma ya nyumba yake ana mlimau mmoja. Majani ya mlimau huo yaligeuka meusi, yote, kama sufuria ya kuni. Jirani yake Hadji anapika mawese uani kwake, moshi unapita juu ya ukuta kutwa nzima, kwa hiyo mtaa mzima ulisema ni moshi, na Wema akamnunia Hadji msimu mzima. Kosa hilo ni letu sisi watu wa mawese. Kitu chochote kikiwa cheusi tunausingizia moshi.

Fabiano alipoitwa, alilowesha kidole akafuta jani. Weusi ukatoka, chini yake jani likawa bichi na linanata. "Moshi haunati," alisema. Akaligeuza, akamwonyesha vidudu vyeupe kama pamba vilivyoganda kwenye mishipa ya jani. Hivyo vinafyonza utomvu na kutoa maji matamu, na juu ya utamu huo ndipo ukungu mweusi unaota. Sisimizi wanavichunga kama sisi tunavyochunga ng'ombe, wanafukuza wadudu ambao wangevila. Basi akausugua mti kwa maji ya sabuni ya mawese, akafunga ukanda wa nailoni kwenye shina na kuupaka grisi, sisimizi wasipande. Wema akapatana na Hadji. Mlimau ulipaswa kupona, na haukupona.

Haya yote nayajua kwa sababu wakati wa kula bugali Fabiano hana habari nyingine. Mke wa mtu mwingine anasimuliwa mambo ya mpira. Mimi nasimuliwa mlimau wa Wema. Alirudi kwake kuusugua, akarudi kubadilisha grisi, akarudi kukata tawi lililogusa ukuta, maana ana sheria yake: ukizuia sisimizi shinani, kata na kila daraja lao. Na kila akirudi nyumbani alikuwa ananukia iliki. Sisi kwetu chai ni majani na sukari, basi. Nilikuwa najilaza kitandani nikiinusa ile iliki kwenye ndevu zake, na moyo unaniwaka.

Wakati huohuo mpera wangu, hapo mlangoni pa jiko, ulikuwa umejaa unga mweupe chini ya majani. Nilimwonyesha. "Kesho nitauangalia," alisema, akapanda baiskeli. Najua mganga hajigangi. Lakini mke wa mganga amekosa nini?

Jirani yangu Ernestina ndiye aliyenimaliza. Tulikuwa tunamenya mihogo, akasema bila kuinua macho, "Mama Isaka, iko muti gani hiyo inaugua kila siku na haikufe?" Lisemwalo lipo. Siku Fabiano alipokwenda Minago kutazama maparachichi, nilivaa kitenge changu cha Pasaka, nikapanda pikipiki mpaka Rumonge, njia nzima nikipanga matusi.

Nilimwomba Mungu Wema awe mbaya wa sura. Hakuwa mbaya. Hakuwa kijana pia, lakini alikuwa amejipaka wanja, na uani kwake hapakuwa na jani moja chini. "Amahoro, mama Isaka," alisema, kama vile alikuwa ananingoja. "Karibu, ikala hapa."

Sikukaa. Nilisema nimekuja kuuona mti. Nikauzunguka, mikono nyuma, maana kwa wivu wangu nimesoma zaidi ya wengi wanaosoma kwa kupenda. Niligeuza jani. Vidudu vyeupe vilikuwepo, vimenenepa. Nilitazama grisi shinani, ilikuwa mbichi na haina alama ya hata sisimizi mmoja. Walikuwa wanapita wapi, basi? Niliinua macho nikawaona. Wanatembea kwa msururu juu ya kamba ya kuanikia nguo, iliyofungwa kutoka msumari wa dirisha mpaka kwenye mlimau, juu ya grisi. Kwenye kamba kulikuwa na kanga moja, kavu kabisa.

Fabiano angeiona kamba hiyo akiwa bado nje ya geti. Nilishika gome pale ilipofungwa. Lilikuwa limechubuka, kidonda juu ya kidonda, mahali ambapo kamba hufungwa na kufunguliwa, kufungwa na kufunguliwa.

"Unaifungua siku akija," nilimwambia. "Akiondoka unaifunga tena."

Wema hakukataa. Aliianua ile kanga, akaketi, akaikunja taratibu na kuiweka mapajani.

"Mama Isaka, sikumutaka bwana yako. Lakini humu ndani iko mutu moja tu anaingia na kuuliza nini inauma. Hata kama anauliza muti."

Wengine wangesema walimhurumia. Mimi nilimwonea wivu zaidi kuliko nilipokuwa kwenye pikipiki. Yeye alikuwa ameulizwa, hata kama ni kwa kupitia mlimau. Mimi nalala kitanda kimoja na mwenye kuuliza, sijaulizwa. Matusi yangu yote yalikosa pa kushikia.

Niliifungua kamba nikampa mkononi. "Kuanzia leo mti huu ni wangu," nilisema. "Nitautibu mimi. Yeye haji tena."

"Na wewe utauliza?"

Nilimwambia alete hiyo chai yake ya iliki nione ina nini.

Nyumbani nilimwambia Fabiano kwamba mlimau wa Wema nimeuchukua, akapumzike. Alicheka, akadhani nitachoka haraka. Sikuchoka. Kila wiki nateremka Rumonge na sabuni yangu. Kamba naikuta imefungwa, haina nguo, naifungua, hatusemi neno juu yake. Ninasugua majani, Wema ananiambia goti lake linavyomsumbua na watoto wanavyopiga simu kwa haraka. Upande mmoja wa mlimau umeanza kutoa machipukizi safi. Ule mwingine siukimbilii.

Juzi asubuhi nilikuwa najifunga kitenge nitoke, Fabiano akasimama na baiskeli yake mlangoni.

"Rumonge tena?"

"Mlimau bado."

"Mti gani huo usiopona?" Akasogea, akanusa. "Na mbona siku hizi unanukia iliki?"

Nilikaza fundo la kitenge. Aliegemeza baiskeli kwenye mpera. Akanizunguka polepole, mikono nyuma, macho yamemtoka kama mtu aliyeibiwa. Kisha akanishika mkono, akaugeuza, akatazama kiganja kilichopasuka kwa sabuni.

"Joanita," alisema. "Unaumwa wapi?"

Nilikuwa na majibu ya kumkalisha mpaka jioni. Nikamwambia hata mimi sijui bado, aje aangalie tena kesho.