Siku Nilipoteremka na Kigari cha Ndung'u

Ninyi mliokulia Dundori mnaikumbuka ile baridi ya asubuhi, ukungu mpaka mlangoni na viazi vimefukiwa kwenye jivu la moto. Jumamosi, tukishapeleka maziwa barabarani, wavulana walibeba vigari vyao vya mbao hadi juu ya mteremko, nasi wasichana tukakaa kando kushangilia. Hakuna aliyetukataza kupanda. Ni vile tu hatukuomba.

Kakangu Ndung'u alikuwa fundi hodari wa vigari, lakini hakupenda mashindano. Mimi ndiye niliyevijaribu nyuma ya zizi. Siku moja, alipoitwa mstarini, akanivuta kando.

"Sitaki," akaninong'oneza. "Lakini nikikataa wataniita msichana."

"Basi wacha msichana apande."

Wavulana walicheka hadi wakashika mbavu. Nikakunja sketi, nikakamata kamba, tukasukumwa. Upepo ulinitoa machozi, vumbi likanijaa mdomoni, na nilipotumbukia kwenye mtaro kule chini, sikuona mtu mbele yangu. Ndung'u alikuja mbio akipiga kelele kuliko wote. Sijawahi kumwona na furaha vile.

Jioni mama alinisafisha goti kwa maji ya chumvi.

"Uliwashinda?"

"Eeh, mama."

Akatabasamu, kisha akajikaza. "Usirudie. Msichana wa kushindana na wanaume huzeekea kwao."

Baba naye akamgeukia Ndung'u. "Na wewe, Jumamosi ijayo utapanda, upende usipende."

Sikurudia. Ndung'u alipanda, akavunjika mkono.

Leo yeye ni seremala mjini Nakuru, na hata uenyekiti wa chama chao anaukimbia. Mimi ni mwalimu. Nafasi ya mwalimu mkuu imetangazwa mara mbili nikiwa shuleni hapo hapo, nikangoja kuombwa. Huwa najiuliza: tungeachwa kila mmoja afuate moyo wake, tungekuwa watu gani?

Watoto wa siku hizi wanashindana wakiwa wamelala kwenye kochi, vidole tu ndivyo vinavyotoka jasho. Nilidhani mambo yetu yamepitwa na wakati, hadi juzi nilipochungulia simu ya binti yangu. Alikuwa kwenye mchezo wa mbio za magari na wenzake mtandaoni, amejiita Brayo.

"Mbona jina la kijana?"

"Mum, wakijua ni msichana wanaanza kunicheka."

Hakuinua macho. Alikuwa anaongoza.

Nikakaa kando yake, nikatazama. Mimi nilishindana mara moja tu, lakini kwa jina langu.