Alama Isiyokubali Kuandikwa

Mara mbili wanachama wa kikundi cha maji cha Ngoliba walipiga kura mfereji uwekwe sokoni, na mara mbili kumbukumbu za mkutano zilifika ofisi ya maji, Thika, zikisema uwekwe langoni kwa mwenyekiti, Mzee Gathogo. Katibu Simeon ndiye aliyezibeba kwenda nyumbani kusahihisha lugha. Lugha ilirudi imenyooka kweli. Neno "sokoni" ndilo halikurudi. Hivyo ndivyo wanyonge huibiwa nchi hii, kwa kalamu nadhifu. Na mama yake Muthoka, goti limevimba, aliendelea kuteka maji mtoni.

Muthoka alikuwa fundi wa redio mjini Thika, kijana aliyesoma chuo na kuamini kwamba hesabu haina mwenyekiti. Mwaka wa 1997 alipata karatasi zilizoeleza kanuni ya kugeuza maandishi yoyote, hata kitabu kizima, kuwa alama fupi ya herufi na tarakimu thelathini na mbili. Badilisha nukta moja tu, alama inageuka yote.

"Ni kama dole gumba, mama, ila hili ni la karatasi."

"Na litaniletea maji?"

"Litamzuia Simeon kuyahamisha."

"Mkewe amemzuia kunywa pombe miaka kumi sasa. Muulize amefika wapi."

Bodi ya kielektroniki aliipata kwa wauza vyuma chakavu, Ruiru. Programu ilikaa ndani ya chipu yenye kidirisha cha kioo, na kuifuta kulihitaji taa maalumu ambayo Muthoka hakuwa nayo. Akatumia jua. Kila alipokosea mstari mmoja, chipu ilianikwa juu ya mabati wiki nzima, kando ya mahindi ya jirani. Julai jua lilikataa kutoka, na kosa moja likadumu siku kumi na saba.

Mfano wa kupimia ulikuwa herufi tatu tu: a, b, c. Karatasi zilisema jibu lazima lianze na 9001. Mashine ikasema 9850. Alikuwa ameyatoa makundi ya tarakimu kinyumenyume. Akaanika tena. Septemba, kioo cha mashine, chenye mistari miwili ya maandishi, kilipoonyesha 9001 na zote zilizofuata, alitoka nje akawapa mkono wapita njia wasiomjua.

Siku ya mkutano alifika Ngoliba na bodi, kibodi na betri ya gari. Kura ikapigwa: sokoni. Simeon akasoma kumbukumbu, Muthoka akazichapa zote, alama ikatoka.

"Katibu, andika hiyo," Gathogo alisema.

Simeon akaiandika kama jambo la tisa.

Muthoka akakohoa. "Sasa kumbukumbu zimebadilika. Alama si hiyo tena."

"Toa nyingine."

Akatoa. Ikaandikwa, jambo la kumi.

"Imebadilika tena."

"Kwani ina mimba?" aliuliza Wakonyo, muuza mboga.

Muthoka akaomba alama iandikwe ukutani tu. Simeon akavua miwani. "Lililofanyika mkutanoni lisipoandikwa kwenye kumbukumbu, halikufanyika. Ni katiba ya kikundi." Muthoka, aliyekuja kutetea kumbukumbu, akarudi kwenye kibodi. Gathogo akatoa hoja mashine iamriwe kutulia. Ikaungwa mkono, ikapita bila pingamizi, ikaandikwa. Alama ikabadilika.

Jioni walikuwa wamefika jambo la thelathini na moja. Simeon akakunja karatasi. "Nitaenda kusahihisha lugha."

"Lugha gani, na bado tunaongea?" Wakonyo alisema. "Mkutano haujafungwa. Haziondoki."

Kumbukumbu zikafungiwa katika duka moja la sokoni kwa kufuli tatu, na kesho yake wakaendelea. Na kesho kutwa. Watu walikuja na viti vyao na maharagwe ya kuchambua.

Siku ya nne mafundi wa bomba kutoka Thika walifika na mabomba yao, wakauliza kumbukumbu zinasema wapi. Gathogo akafungua mdomo.

"Siwezi kuthibitisha waraka ambao haujafungwa," Simeon akamkatiza, maana katiba aliiogopa kweli.

"Basi tumuulize nani?"

"Ulizeni mkutano," mama yake Muthoka alisema. "Si huu hapa?"

Mikono yote ikanyooka kuelekea sokoni. Simeon naye akanyoosha wake, akauandika.

Wiki ya pili maji yakatoka. Mama alijaza mtungi, akaja kusimama nyuma ya mwanawe, aliyekuwa akichapa jambo la mia tatu na nne: kwamba maji yametoka.

"Utamaliza lini?"

"Haimaliziki, mama."

"Vizuri," alisema, akamkabidhi kikombe. "Usimalize. Kunywa."