Shamba la Mke Mwenye Mabawa

Eslin Tari alimaliza kusimulia ndani ya nakamal, nyumba ya mikutano ya kijiji. Machifu walikuwa wameketi mbele yake kwenye mikeka. Huko kisiwani Ambae mtu hudai ardhi kwa hadithi ya ukoo wake, na Eslin hakuwa na hati nyingine.

Alikuwa ameeleza jinsi mwanamume alivyoficha mabawa ya mwanamke aliyeshuka kutoka mbinguni kuoga, akamwoa. Mke alilia hata machozi yakafukua udongo, akayaona mabawa yake, akaruka kurudi kwao na kumwacha binti mchanga. Mabawa yalikuwa yamezikwa palepale Eslin alipolima viazi vikuu tangu usichana wake.

"Mwizi!" Boe, wa kijiji cha ng'ambo ya kijito, aliruka juu. "Eslin, hiyo ni hadithi yetu! Hata machozi umeyabeba? Mabawa yalizikwa na babu yetu, na shamba ni letu."

Chifu Viralalao aligonga fimbo chini. "Kusimulia hadithi ya wenyewe bila ruhusa, faini ni nguruwe wa thamani, mwenye meno yaliyojipinda. Na shamba linakwenda kwa Boe. Una jibu, Eslin?"

Jibu alikuwa nalo, nalo ndilo lililomtisha. Geua, muuguzi kutoka Papua, alikuwa amemsimulia hadithi ileile siku alipomfunga kidonda cha mguu. Akinyamaza, ataitwa mwizi. Akisema, atasafika, lakini hadithi iliyo ya kila mtu itathibitishaje shamba la mtu mmoja?

"Muulizeni Geua," alisema.

Geua aliinuka mlangoni. "Kwetu si mabawa, ni ngozi ya ndege. Mume aliificha darini. Mke akaipata, akaivaa, huyoo!"

"Hata kwetu visiwa vya Banks ipo," alidakia mzee mmoja, fundi wa boti. "Wanaume wote tunaogopa mke atarudi kwao. Wangu karudi mara mbili, na wala hana mabawa!"

Watu waliangua kicheko. Eslin hakucheka. Boe naye alikunja uso.

"Basi hakuna aliyeiba," alisema Chifu. "Ila hadithi hii haituonyeshi tena shamba ni la nani." Alifikiri, kisha akageuka. "Boe, nani wa kwenu amelala katika udongo ule?"

"Babu zetu, Chifu."

"Majina yao."

Boe aliwatazama nduguze. Wao walitazama mikeka.

"Na wewe, Eslin?"

"Bibi yangu, Motari. Mama yangu, Leisale." Kaburi la tatu lilikuwa dogo, kando ya uzio wa shamba, na tangu siku ya mazishi mumewe alikataza lisitajwe. Mumewe alikuwa ameketi nyuma yake sasa. "Na mtoto wangu wa kwanza."

"Anaitwa nani?"

"Alikufa kabla ya kupewa jina, Chifu."

Manung'uniko yalianza upande wa Boe: kaburi lisilo na jina si ushahidi! Chifu aliinua mkono kuwazuia.

"Mama yake yuko hapa," alisema. "Eslin, mpe jina sasa."

Eslin alisikia mumewe akivuta pumzi. Hakugeuka.

"Mabule," alisema. Kisha akarudia kwa sauti kubwa zaidi, ili hata walioketi nje wasikie.

Boe alikaa chini taratibu, na fimbo ya Chifu ikaelekezwa kwa Eslin: shamba ni lake.