Karanga Zilizochambuliwa Mara Mbili

Baba alipofariki nilirudi Dodoma kuzika, nikabaki kuendesha kiwanda chake cha siagi ya karanga. Nakiita kiwanda kwa heshima yake tu. Kilikuwa banda la bati pale Ihumwa, lenye tanuri la kukaangia, mashine ya kusagia, na wanawake wachache waliokaa mkekani wakitenga karanga mbovu na nzima. Watu waliniuliza naendeleaje, nikawa najibu "namshukuru Mungu" bila kusikiliza ninachosema. Sikuwa na huzuni. Sikuwa na chochote. Ningepigwa kofi ningegeuka kuangalia limempata nani.

Nilichokuwa nacho ni kazi niliyojifunza kwenye kiwanda kikubwa Dar es Salaam: kufuata bidhaa tangu inapoingia mlangoni hadi inapotoka, na kwa kila hatua kuuliza, mnunuzi angekubali kuilipia hii? Kama hakubali, ni upotevu, iondoke. Kungoja ni upotevu. Kuhamisha gunia huku na huko ni upotevu. Kurudia kazi iliyokwisha kufanywa vizuri ndio upotevu mbaya kuliko wote, maana kila mtu huuona akadhani ni bidii. Na maduka ya mjini yalikuwa yakilalamika kwamba mzigo unachelewa. Mengine yalishaanza kununua kwingine. Basi nikaanza.

Nilisogeza mashine karibu na tanuri. Nilichora mistari ya njano sakafuni: hapa magunia, hapa ndoo, hapa njia ya kupita. Mmoja wa wachambuaji, mama mtu mzima wa Haneti mwenye ulimi mwepesi, aliitazama mistari akacheka.

"Baba, na chooni je, hujatuchorea?"

Nikamwambia ya chooni inakuja.

"Haraka haraka haina baraka," akasema. Nilimjibu kwamba methali hiyo imeshafunga viwanda vingi. Wote wakacheka isipokuwa mama yangu, ambaye hakuwa akisikiliza.

Mama alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, ungo mapajani. Enzi za baba hakuwa akifanya kazi pale. Alianza tulipomaliza tu kuanua matanga. Kila asubuhi alitoka nyumbani kwetu, mtaa wa Kikuyu, jua halijachomoza, akafika wa kwanza, akangoja karanga zilizokwisha kuchambuliwa zimiminwe kwenye ungo wake. Kisha akazichambua upya, moja moja. Tanuri likawa linamsubiri mama, mashine inalisubiri tanuri, na maduka yanatusubiri sisi.

Sikutaka kumwonea. Nilipima kwanza, kama nilivyofundishwa: kwa siku kadhaa nilikagua bakuli alimotupia zile mbovu. Sumukuvu tunaiogopa sote huku kwetu, na ningeona hata punje moja yenye ukungu ningemwacha aendelee maisha yake yote. Sikuona. Yalikuwamo maganda, na vipande vya karanga zilizopasuka, ambazo mashine ingezisaga hata hivyo. Wale wanawake walijua kazi yao. Mama hakuwa akiongeza kitu. Naandika hivi kwa sababu ndugu zangu wamenisema sana, na mpaka leo hawajanionyesha nilipokosea kupima.

Nilimweleza pale pale, nimechuchumaa ili nisiseme naye kutoka juu.

"Mama, hatua hii tunaiondoa. Wenzako wakimaliza, karanga zinakwenda moja kwa moja tanurini."

"Kwani nimekosea?"

"Hapana, mama. Hujakosea kitu."

Akanitazama akingoja nimalizie. Akasimama, akakung'uta maganda kwenye khanga, akamkabidhi ungo yule mama wa Haneti, ambaye aliupokea kwa mikono miwili na safari hii hakutania.

Siku iliyofuata mama alikuja tena. Hakudai kazi. Alisimama tu, na kila aliposimama palikuwa njia ya kitu fulani, ikawa kila mwenye gunia au ndoo anamzunguka akisema "samahani, mama". Mwisho nikamwita bodaboda amrudishe nyumbani. Mzigo wa siku hiyo ulitoka mapema kuliko siku zote tangu nifike, na nilijua kwamba hapo ndipo mtu hufurahi. Nikachukua ufagio nikafagia.

Jioni tulikula ugali na mlenda, wawili tu.

"Kesho usije, mama. Pumzika. Umechoka."

"Sijachoka."

"Pumzika hivyo hivyo."

Akanawa mikono taratibu, akaifuta, akaitazama kama ya mtu mwingine.

"Sasa kesho niamke saa ngapi?"

Nilidhani ananisuta. Nilipomwangalia nikaona anauliza kweli, kama mfanyakazi mgeni anavyouliza zamu yake.

"Saa yoyote, mama. Saa utakayopenda."

Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba nimemtajia saa.

Alfajiri nilimkuta sebuleni, amevaa gauni lake la kutokea, viatu miguuni, ameketi wima. Nikamwamkia, shikamoo mama. Akasema marahaba mwanangu. Nikampita, nikaenda kazini.